Je, mtoto wa Dobermann akatwe masikio? Jibu kwa dada wa Mbezi

Swali: Daktari, habari za kazi. Tunaishi Mbezi, Dar es Salaam. Wezi wametusumbua sana mtaani, kwa hiyo mume wangu amenunua mtoto wa Dobermann, dume, sasa ana wiki 9. Alikuja mkia umeshakatwa. Aliyetuuzia anasema masikio nayo lazima yakatwe kabla ya wiki ya 12, la sivyo mbwa ataumwa masikio kila mara na hatakuwa mkali. Anaye fundi wake anayepita majumbani, anakata na kufunga palepale. Mume wangu anataka masikio yasimame kama ya mbwa wa kwenye picha. Watoto wanalia wakisikia habari hiyo, na mimi moyo unasita. Uamuzi nimeachiwa kwa kuwa ndiye ninayeshinda naye nyumbani. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, usimkate. Nimetanguliza jibu kwa sababu muuzaji amekuwekea tarehe ya mwisho, na mtu akishawekewa tarehe ya mwisho huamua kwa pupa. Sasa tulia nikueleze sababu, ili utakapokaa na shemeji uwe na la kumwambia zaidi ya kwamba moyo unasita.

Muuzaji ana neno moja la kweli, tuanze nalo. Wanaokata masikio ya Dobermann hukata kati ya wiki ya 7 na ya 12 hivi. Katika umri huo gegedu la sikio, yaani ule mfupa laini unaolipa umbo, bado ni laini, na likifungwa wima kwa muda mrefu linaweza kuzoea kusimama. Mbwa akishakua gegedu linakomaa, damu inavuja zaidi, na uwezekano wa sikio kusimama unapungua. Kwa hiyo tarehe hiyo hakuitunga. Ila ni tarehe ya upasuaji ambao mbwa wako hauhitaji, na ikipita hatakuwa amepoteza kitu.

Ukataji wenyewe ulitoka wapi? Aina hii ya mbwa ilianzia mji wa Apolda, Ujerumani, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Karl Friedrich Louis Dobermann alikuwa mkusanya kodi, na inaelezwa kwamba alitaka mbwa wa kumlinda anapotembea na fedha. Siku zile mbwa wa ulinzi na wa mapigano walikatwa masikio na mkia kwa hoja kwamba adui asipate pa kushika. Huenda ilikuwa na maana kwa mbwa aliyepambana ana kwa ana na mtu au mnyama. Mwizi anayeruka ukuta Mbezi hana haja ya kumshika mbwa sikio. Anarusha kipande cha nyama chenye sumu, basi. Masikio yaliyochongwa hayamkingi mbwa na hilo. Kinachomkinga ni kufundishwa tangu mdogo kula kwenye bakuli lake tu, kutoka kwa watu anaowajua.

Huko Ujerumani kwenyewe, alikozaliwa mbwa huyu, sheria imekataza kukata masikio tangu miaka ya 1980. Mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyama wa nyumbani, uliofunguliwa kutiwa saini mjini Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1987, unautaja ukataji wa masikio kwa jina katika orodha ya upasuaji unaokatazwa, pamoja na kukata mkia na kung'oa kucha. Uingereza waliwaondoa mbwa waliokatwa masikio kwenye maonyesho tangu mwishoni mwa karne ya 19. Marekani bado inaruhusiwa sehemu kubwa ya nchi, na picha nyingi anazoziona shemeji kwenye simu zinatoka huko. Hata hivyo chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani, AVMA, kinapinga ukataji unaofanywa kwa ajili ya sura peke yake. Na maelezo rasmi ya sura ya Dobermann yanayotumiwa na FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, sasa yanataka awe na masikio yake ya asili. Mkiambiwa kwamba bila kukatwa "si Dobermann kamili", mnaambiwa habari za zamani.

Hoja ya magonjwa ndiyo inayowatisha wengi, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Ugonjwa wa masikio wa mbwa hukaa ndani, kwenye mfereji, wala si kwenye kipande kinachoning'inia nje. Mfereji wa sikio la mbwa unashuka kwanza, kisha unapinda kuelekea ndani ya kichwa kama herufi L. Ukikata theluthi ya sikio la nje, mfereji unabaki vilevile, na nta yake, na joto lake, na unyevu wake. Nikiletewa mbwa anayetikisa kichwa na sikio linanuka, mara nyingi nakuta utitiri, fangasi, maji yaliyoingia wakati wa kuogeshwa, au mzio wa ngozi unaosumbua mwili mzima na masikio yakiwemo. Mbwa wenye masikio yaliyosimama tangu kuzaliwa wanaugua vilevile. Ni kweli wapo mbwa ambao masikio mazito yenye manyoya mengi huwaletea taabu, Cocker Spaniel kwa mfano, na wao hakuna anayewakata. Sikio la Dobermann ni jepesi, lina nywele fupi, na hulala tu pembeni ya shavu.

Kuna jambo jingine ambalo sidhani muuzaji amekuambia. Hapa kwetu kuna nzi wanaouma, wale wanaozagaa kwenye mazizi na penye samadi na taka zinazooza. Wanapenda sana ncha ya sikio la mbwa, na wanaoathirika zaidi ni wenye masikio yaliyosimama. Waangalie German Shepherd wa mtaani kwenu msimu wa mvua: ncha za masikio zimekuwa nyeusi, zina magamba, zinatoa damu kila wakijikuna. Sikio linalolala nalo linaweza kuumwa pale linapokunjika, lakini ncha imejificha. Shemeji akiyasimamisha masikio ya mbwa huyu, anaweza kuwa anamfungulia tatizo ambalo leo hana.

Sasa nikueleze kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu neno "kukata" linaifanya ionekane ya dakika mbili. Ikifanywa na daktari, mtoto wa mbwa analazwa kwa nusukaputi. Mbwa wa umri huo ana mwili mdogo unaopoteza joto haraka, na akikaa na njaa muda mrefu sukari ya damu inashuka, kwa hiyo hata kumnyima chakula kabla ya dawa kunataka hesabu. Daktari anachora mstari, anakata ngozi na gegedu, anazuia damu, anashona ukingo wote wa sikio, kisha anarudia upande wa pili na kulinganisha. Nyuzi zinatolewa baada ya wiki moja hadi mbili. Watu wengi wanadhani hapo kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Masikio yanafungwa wima kwa plasta juu ya kitu cha kuyategemeza, na plasta hiyo inabadilishwa kila baada ya siku chache, kwa miezi. Kwa Dobermann ni kawaida kuendelea mpaka meno ya utoto yamekwisha kubadilika, mwezi wa 5 au wa 6, na wengine hupita hapo. Joto na unyevu wa Dar unavijua. Plasta ikilowa unyevu au mvua ngozi iliyo chini inaoza, na usipoifungua kwa wakati unakuta kidonda kipya juu ya kile cha zamani. Na baada ya yote hayo, wapo ambao sikio moja linasimama na jingine linaanguka, au kovu linavuta sikio likapinda. Hapo mtu anaambiwa arudi kisuni mara ya pili.

Hayo ni ya kwa daktari. Fundi anayepita majumbani ni habari nyingine kabisa, na kwa huyo sina la kati na kati: asikanyage kwako. Nikupe maswali ya kumuuliza muuzaji: fundi wake anamlaza mbwa kwa dawa gani, na anapimaje uzito wake? Akiamka, maumivu yanatulizwa na nini? Sikio limejaa mishipa ya damu na ya fahamu. Sindano ya kulegeza mwili peke yake humfanya mbwa alale bila nguvu, lakini haitoshi kwa kukata gegedu. Na wengi wakiona mbwa analia usiku humpa dawa za binadamu zilizo kabatini. Dada, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, hata kwa kiasi unachokiona kidogo. Kidonda kikipakwa majivu au kahawa, nzi hutaga mayai, na baada ya siku mbili tatu unakuta funza.

Fundi huyo huyo anatoka nyumba hadi nyumba zenye watoto wa mbwa. Mbwa wako ana wiki 9, chanjo zake hazijakamilika. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, ndipo unaweza kusema amekingwa vizuri. Kirusi cha parvo kinakaa muda mrefu kwenye viatu, nguo na vifaa. Nimeona nyumba ikiuguza mbwa wa kuhara damu wakati kidonda cha masikio hakijakauka, na mgonjwa wa namna hiyo ni vigumu mno kumwokoa.

Kisha kuna jambo la Dobermann hasa, ambalo mtu yeyote anayeshika kisu mbele ya mbwa wa aina hii anapaswa kulijua. Wengi wao wana ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda sawasawa, uitwao ugonjwa wa von Willebrand, kwa jina la daktari wa Finland, Erik von Willebrand, aliyeueleza kwa binadamu mwaka 1926. Mbwa anaweza kuwa nao akaonekana mzima kabisa mpaka siku atakapokatwa. Muulize muuzaji kama watoto wa uzao huo walivuja damu sana mikia ilipokatwa. Akisema walivuja, hilo ni onyo kubwa. Akisema hawakuvuja, bado usijione salama, kwa sababu ugonjwa huu hujitokeza kwa viwango tofauti. Daktari anaweza kuchanja kidogo upande wa ndani wa mdomo na kuhesabu dakika mpaka damu isimame. Kipimo hicho ni rahisi na kifanywe kabla ya upasuaji wowote, hata wa kumhasi baadaye. Mwandikie kwenye daftari lake la kliniki tangu sasa kwamba ni Dobermann na kipimo hicho kinahitajika.

Lakini sababu inayonifanya niwe mkali juu ya jambo hili kuliko zote ni hizi wiki zenyewe.

Mbwa huijua dunia tangu wiki ya 3 mpaka kama ya 12 au 14. Anachokutana nacho kwa utulivu katika kipindi hicho hukichukulia kuwa cha kawaida maisha yake yote: sauti ya bodaboda, mtoto anayekimbia, mtu aliyevaa kofia, mwanamke aliyevaa baibui, mkono unaomshika kichwani. Asichokutana nacho, au anachokutana nacho kwa maumivu, hukiogopa. Sasa angalia kalenda. Wiki wanazotaka kumkata ni hizo hizo. Badala ya kuzoeshwa kushikwa, kichwa chake kitakuwa sehemu isiyogusika. Wanao watafukuzwa wasimkaribie wasije wakatonesha mshono. Atavaa kola ya plastiki shingoni, atajigonga milangoni, na kila baada ya siku chache watu wawili watamkamata kwa nguvu wabadilishe plasta. Mwezi wa nne wa maisha yake utamkuta amejifunza kwamba mikono ya watu wa nyumba hii inauma. Huyo ndiye mbwa wa kilo 40 mtakayelala naye uani.

Hapo ndipo penye jibu la "hatakuwa mkali". Ukali unaoutaka wewe ni wa mbwa anayemjua nani wa nyumbani na nani si wa nyumbani, anayebweka mapema, anayesimama mlangoni na hakimbii. Huo hutoka kwenye damu yake, ambayo Dobermann anayo tele, na kwenye malezi. Mbwa mwoga naye huuma, tena haraka kuliko wote, ila humuuma dada wa kazi, jirani aliyeleta chumvi, au mtoto wako aliyemwinamia akiwa amelala. Mbwa wetu wa kienyeji wengi hawajawahi kuguswa na wembe, na hakuna mgeni anayepita getini usiku bila mtaa mzima kujua.

Tena masikio ni ulimi wa mbwa. Akiyalaza nyuma anasema anaogopa au anataka amani, akiyainua mbele kuna kitu kimemvutia. Mbwa wenzake wanayasoma, na wewe utajifunza kuyasoma. Sikio lililochongwa na kusimamishwa moja kwa moja linamfanya aonekane ametaharuki hata akiwa ametulia. Mtoto asomaje hapo kwamba mbwa leo hataki kuchezewa? Kwenye nyumba yenye watoto hilo si dogo.

Kisheria, Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inayoiweka kazi ya kutibu na kupasua wanyama mikononi mwa watu waliosajiliwa. Fundi wa wembe hayumo humo. Mambo yakiharibika hutakuwa na pa kumshtaki isipokuwa kwa kukiri kwamba wewe ndiye uliyemwita.

Utaniuliza, je, sikio la mbwa halikatwi kamwe? Hukatwa. Likiota uvimbe wa saratani, likichanika vibaya kwenye mapigano, likioza kiasi cha kutoponyeka, nalikata bila kusita na nalala usingizi. Hapo mbwa ananufaika na maumivu anayopewa. Kwa ajili ya sura, mimi sikati.

Shemeji usimwendee kwa ugomvi. Anataka mbwa anayeheshimika akisimama getini, na hilo ni haki yake. Amelipa fedha nyingi na wezi wapo kweli. Mwonyeshe picha za Dobermann waliokua Ulaya wenye masikio ya asili, awaone kifua, shingo na macho. Mwambie fedha ambazo angempa fundi, na za plasta za miezi yote hiyo, ziende kwenye chanjo, chakula kizuri na mkufunzi wa mbwa anayejua kazi. Mwombe yeye mwenyewe awe mwalimu: kila jioni robo saa, kuita jina, kukaa, kungoja, kutochukua chakula cha mtu asiyemjua. Mwanamume aliyemfundisha mbwa kwa mkono wake huacha kuangalia masikio.

Na ikiwa atashikilia kabisa, basi angalau asilitamke jina la fundi tena. Aende kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, aulize waziwazi kuhusu nusukaputi, dawa za maumivu za siku zinazofuata na kipimo cha damu, na asikilize daktari atamwambia nini. Nina imani wengi watamwambia kama ninavyokuambia.

Wiki hii anza hivi. Kila siku, mbwa akiwa ameshiba na ametulia, mshike masikio taratibu, yafunue, yaangalie ndani, umpe kipande kidogo cha chakula. Watoto wafanye hivyo pia, mmoja mmoja, wewe ukiwa karibu. Sikio zima ndani lina rangi ya waridi na halinuki. Ukiona nta nyeusi kama kahawa iliyosagwa, au anatikisa kichwa mara kwa mara, mlete. Usichokonoe kwa pamba ya kijiti, maana unasukuma uchafu kwenye ile pembe ya mfereji. Ukimwogesha, zuia maji yasiingie na kausha vizuri. Kuanzia mwezi wa nne, meno yakibadilika, masikio yanaweza kukaa ovyo, moja likikunjika nyuma, jingine likichepuka pembeni. Yaache, kwa kawaida hukaa sawa yenyewe.

Anza pia kumtoa, lakini mbebe. Asikanyage mahali mbwa wengine wanapojisaidia mpaka chanjo ziishe. Mkae naye kituoni aone magari, mpeleke kwa bibi yake watoto, mwache asikie adhana, kengele ya kanisa na kelele za gereji. Akifikisha wiki ya 12 mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa, na siku hiyo hiyo mwombe daktari amwangalie masikio na aandike kwenye kadi yake kile kipimo cha damu nilichokutajia.